Tiketi Mbili za Mnarani

Mwaka wangu wa kwanza Marekani niliishi ghorofa ya tisa, upande wa magharibi wa Alexandria, katika jengo la matofali mekundu ambamo sikumjua mtu hata mmoja ila mume wangu. Yeye alikuwa dereva wa teksi. Alitoka alfajiri na mapema, akarudi nimekwisha kula, akala kimya, akaoga, akalala. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nikiwasimulia watu habari za miaka ile, wengi huanza kumtafutia makosa. Alikuwa amechoka, na tulikuwa hatujuani. Alikuja Tanga kwa wiki tatu, tukaoana, akarudi zake, nami nikangoja karatasi zaidi ya miaka miwili. Nilipofika uwanja wa ndege wa huku nilimpita pale alipokuwa amesimama, nikaenda na begi langu mpaka mlangoni, ndipo akaniita. Mpaka leo sijui kama alichelewa kuniita makusudi aone nitafanya nini, au naye alikuwa hana hakika kama ni mimi.

Mchana kutwa nilikuwa peke yangu. Nilipika, nikafua, nikapiga deki pasipo na uchafu, kisha nikasimama dirishani. Chini kulikuwa na barabara kuu ya magari yasiyokatika. Siku ya jua safi, mbali kule juu ya miti, niliweza kuona ncha ya ule mnara mweupe wa Washington ambao kila mgeni huja kuupanda. Nilimwuliza mume wangu jioni moja kama watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia.

"Ule? Mtu yeyote anaingia. Unapanda juu unatazama mji wote," alisema. "Nitakupeleka."

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza baba yangu akafariki Tanga. Simu ilipolia asubuhi, kaka yangu alikuwa ametoka makaburini; walikuwa wamekwisha kumzika. Mume wangu hakwenda kazini siku ile. Aliwapigia simu watu wa pwani anaowafahamu, wakaja, watu kumi na wawili hivi, wanaume sebuleni, wanawake chumbani, tukasoma khitma, tukala, wakaniambia nishukuru Mungu kwamba hakuugua sana. Kesho yake wote walikuwa makazini, na mimi nikaosha sahani. Nilikuwa na sahani za kuazima kutoka nyumba tatu na sikujua zipi ni za nani, nikazipanga juu ya meza, zikakaa hapo wiki mbili kabla ya mtu kuja kuzichukua.

Hatukuzungumza sana habari za baba baada ya hapo. Nadhani mume wangu aliogopa akimtaja nitalia, na mimi niliona hamtaji, nikadhani amekwisha kumsahau.

Basi mwezi wa nne, jioni moja, akasema bila mimi kuuliza: "Jumanne. Nenda asubuhi ukachukue tiketi za mnara. Ni za bure lakini zinaisha upesi, kuna wanafunzi wengi siku hizi. Chukua mbili. Saa nane mchana nitakuwa pale, kwenye bendera."

Jumanne nilivaa baibui langu jipya na mtandio wa rangi ya samli ambao nilikuja nao kwa ajili ya sikukuu. Nilipanda basi, nikapanda treni, mara ya kwanza peke yangu kuingia katikati ya mji. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kibanda cha tiketi. Nilipofika dirishani nikaonyesha vidole viwili. Yule mama akanipa tiketi mbili, zimeandikwa saa nane na nusu.

Nilikuwa na saa sita za kungoja. Nilizunguka, nikatazama bata kwenye bwawa, nikala mkate na mayai niliofunga nyumbani, nikatafuta kona tulivu nikaswali adhuhuri nyuma ya mti huku watoto wa shule wakinitolea macho. Ilipofika saa nane kasorobo nilikuwa tayari kwenye mduara wa bendera unaouzunguka mnara. Upepo ulikuwa mkali, bendera zote zinapigapiga, na kamba zake zinagonga milingoti. Nilikaa kwenye benchi ninapoweza kuona njia ya barabarani.

Saa nane ikapita. Saa nane na robo. Kila gari la njano lililopunguza mwendo kule chini lilininyanyua kwenye benchi. Siku hizo madereva wengi hawakuwa na simu za mkononi, na hata angekuwa nayo, nisingejua nimpigie kutoka wapi. Saa nane na dakika ishirini watu wenye tiketi za saa yetu walianza kujipanga mlangoni. Nikasimama.

"Haya basi, haji tena," nilisema kwa sauti, nikijua hakuna wa kunielewa.

"Nani huyo haji?"

Nikageuka. Kwenye benchi la nyuma yangu alikuwa amekaa mzee mmoja mwembamba, mrefu, suti ya kijivu, tai, na kofia ya pama ameishika kwa mkono mmoja isipeperuke. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi vizuri na vimejaa vumbi. Nilishtuka hata nikasahau ninamngoja nani.

"Shikamoo, mzee."

Akacheka. "Marahaba. Hiyo shikamoo sijaambiwa tangu nikifanya kazi Mombasa. Wewe ni wa Mombasa?"

"Tanga."

"Tanga ni karibu tu. Mimi natoka Nyeri." Akaelekeza mnara kwa kidevu. "Nimeambiwa tiketi imeisha. Yule askari ya kofia kubwa ameniambia nirudi kesho asubuhi. Kesho nitarudi namna gani, na hata leo nimetoroka?"

"Umetoroka wapi?"

"Kwa msichana wangu, huko Temple Hills. Ni nesi. Kila Jumapili tukienda kanisa tunapita kwa daraja na ninaona hii kitu. Nikamwambia nataka kupanda. Akasema tutaenda, baba. Huu ni mwaka sasa." Alinyoosha vidole vyake virefu akavitazama. "Mimi nimefanya kazi ya simu miaka thelathini. Kupanda nguzo, kufunga waya. Nyeri, Nanyuki, mpaka Mombasa. Sasa msichana wangu hataki hata nipande ngazi nibadilishe taa."

Nilitazama tena barabarani. Hapakuwa na teksi. Foleni ilikuwa imeanza kuingia. Nilikuwa na tiketi mbili mkononi, zimelowa jasho, na nilihisi hasira, hasira ya kitoto kabisa, kwamba huyu mtu ameniacha hapa na mtandio wangu wa sikukuu. Nikampa mzee tiketi moja.

"Twende, baba," nikamwambia. "Ya mwenzangu hii."

Aliishika kwa mikono miwili. Hakuniuliza mwenzangu ni nani. Alivua kofia, akanipa mkono nimsaidie kusimama, tukaenda mlangoni tumeshikana hivyo. Kwa sababu ya upepo na bendera sikusikia chochote nyuma yangu.

Ndani tuliingizwa kwenye lifti pamoja na watoto wa shule na mwalimu wao. Mzee alikuwa akitazama juu, akitafuta ngazi. Milango ikafungwa, lifti ikaanza kwenda, masikio yangu yakaziba. Dakika moja na kidogo tukawa tumefika.

"Imekwisha?" aliniuliza.

"Tumefika, baba."

"Kumbe hatupandi," alisema, na nikaona amevunjika moyo kweli. "Tunapandishwa."

Juu kule ni padogo kuliko nilivyofikiri. Kuna madirisha mawili kila upande, madogo, ya kusogelea kwa zamu, na watu wanasukumana nyuma yako. Tulitazama upande wa kaskazini tukaona nyumba ya rais, ndogo kuliko kwenye televisheni. Upande wa mashariki tuliona kuba la bunge na majani mabichi yaliyonyooka mpaka miguuni pake. Watu walikuwa kama punje. Niliwatazama wale waliosimama kwenye bendera, lakini kutoka juu mtu mwenye koti la rangi ya kahawia kama la mume wangu ni sawa na mwingine yeyote.

Upande wa kusini mzee alikaa muda mrefu. Mto ulikuwa chini yetu na ndege zilikuwa zikishuka kuufuata, nasi tukazitazama migongo. Aliniuliza Temple Hills iko wapi. Nikamwonyesha ninapodhani, ng'ambo ya ule mto mwingine mdogo. Kulikuwa na miti tu, miti mpaka mwisho wa macho, hakuna bati hata moja linalong'aa. Mimi nilitafuta jengo letu nikaona majengo kama ishirini, yote mekundu, yote yana madirisha.

"Nyumba haionekani," alisema.

"Yangu pia haionekani."

"Nikiwa juu ya nguzo nilikuwa naona kwangu. Hata nikiwa mbali namna gani, nilikuwa najua, ni upande ule. Mke wangu alikuwa anaweka moto saa kumi na moja, nilikuwa naona moshi." Aliweka kiganja kwenye kioo. "Hapa nikitazama sijui natazama nini."

Kisha akashuka polepole akiwa ameegemea ukuta, akaketi sakafuni, kofia mapajani, na akaanza kulia. Alilia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia karibu na chumba ambamo wengine wamelala. Mwalimu wa wale watoto akawavuta upande wa pili.

Askari wa mnara akaja, kijana mpole. Akasema hatuwezi kukaa pale, wengine wanangoja, je, mzee ni mgonjwa, amwite daktari? Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. Nikamwambia haumwi. Akaniuliza mimi ni nani wake.

"Ni baba yangu," nikasema.

Neno hilo kwa Kiingereza lilitoka jepesi sana. Nilikuwa sijasema "baba yangu" kwa lugha yoyote tangu ule mwezi wa kwanza, na nilipolisikia kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya mtu asiyejua kwamba ni uongo, nikaanza kulia. Yule askari akatutazama mmoja mmoja, akasema tukae tu mpaka mzee apate nguvu. Akasimama mbele yetu watu wasitukanyage. Nikaketi chini na baibui langu jipya. Nilitaka kumfariji mzee lakini nilikuwa nalia kuliko yeye.

Baada ya muda akanigusa bega. "Wewe unalilia nini, mama?"

Nikamwambia. Kwamba baba yangu alizikwa nami nikiwa usingizini, na kwamba tangu siku ile hakuna mtu aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza. Alikuwa mkali wa mambo ya usafi. Alikuwa akinyoosha kanzu zake mwenyewe kwa pasi ya mkaa kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Alikuwa haniiti jina langu, ananiita kwa jina la mama yake. Alipokuja kuniaga uwanja wa ndege Dar es Salaam alisahau miwani kwenye basi, akawa hanioni vizuri, akampungia mkono msichana mwingine. Mzee wa Nyeri alisikiliza yote. Hakusema la kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Tuliposhuka ilikuwa karibu saa kumi. Nilitazama kwenye bendera, sikumwona mume wangu. Ikawa sasa suala la mzee kurudi nyumbani. Alikuwa na karatasi yenye namba ya simu ya bintiye, lakini ilikuwa kwenye koti jingine. Alikumbuka alikuja kwa basi hadi Anacostia na kutoka hapo akapanda treni kwa kuwafuata watu. Sikuweza kumwacha. Tulipanda treni, tukateremka Anacostia, tukauliza mabasi mpaka dereva mmoja akayatambua maelezo yake ya kanisa na kituo cha mafuta. Njiani alilala begani kwangu. Mama mmoja wa Kimarekani aliyekaa mbele yetu alinitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayemtunza mzazi wake, nami nikamrudishia.

Binti yake alikuwa nje ya nyumba, amevaa sare yake ya kazi, amesimama na jirani. Alipotuona alikimbia.

"Baba! Ulikuwa wapi? Nimepiga simu hospitali zote! Nimepigia polisi!" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ni nani? Umempeleka wapi baba yangu?"

Mzee akavua kofia.

"Usimgombeze," alisema. "Huyu ndiye amenipandisha mnara."

Yule dada akakaa kwenye ngazi za mlango wake, akaficha uso kwa viganja. Mtoto wa kike wa miaka tisa hivi alitoka ndani, akamwuliza babu yake kitu kwa Kiingereza, babu akamjibu kwa Kiswahili, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Nilipewa chai ya maziwa na mkate. Baadaye yule dada alinirudisha Alexandria kwa gari lake. Tulivuka daraja. Tulipokaribia kwangu ndipo akasema, macho yake barabarani:

"Unafikiri sijui ako peke yake? Najua. Mimi nikitoka kazi moja naenda nyingine. Nikirudi, wote wamelala. Hata mimi hakuna mtu ananiuliza nimekula." Akapunguza mwendo. "Nilimleta ndio nisiwe peke yangu. Sasa tuko wawili."

Aliandika namba yangu nyuma ya risiti.

Mume wangu alikuwa mezani, koti bado mwilini. Chakula nilichoacha jikoni hakikuguswa. Nilitoa salamu, akaitikia.

"Nilikuja," alisema. "Abiria alinipeleka mbali, nikachelewa. Nilikuona unaingia mlangoni na mzee. Nilikuita."

"Sikusikia."

"Nilikuita mara tatu. Hukugeuka. Gari lilikuwa limesimama pabaya, polisi akanifukuza. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka. Halafu nikaja nyumbani."

Nilimweleza yote, tangu benchi mpaka Temple Hills. Nilificha jambo moja tu, kwamba nililia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu: "Kukoje huko juu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nimelifikiria swali lile miaka mingi. Alikuwa amenifungulia mlango, naye hakuwa mtu wa kuifungua milango mara nyingi, na mimi nikaona aibu, au uchovu, sijui.

"Kunaonekana mbali," nikasema.

"Ehe," alisema. Akainuka akaenda kuoga.

Tuliishi pamoja miaka mingine sita, kwa amani, na tulipoachana tuliachana kwa amani ileile. Mwaka mmoja baada ya Jumanne ile, au miwili, mnara ulizungushiwa majukwaa ya mafundi, ukafunikwa wote kwa ukarabati. Tulipita chini yake mara nyingi kwa gari lake. Hakuna aliyesema tupande.

Yule dada nesi alinisaidia kuliko alivyolazimika. Alinitafutia nafasi kwenye mafunzo ya kutunza wagonjwa huko Rockville, na mwezi wa saba nikaanza. Ilikuwa safari ndefu, basi na treni mbili kila upande, lakini nilikuwa na mahali pa kwenda na watu wa kunisalimu. Mzee nilionana naye mara mbili tu tena, mara zote kwenye sofa ya bintiye, televisheni ikipiga kelele. Alikuwa ameanza kuomba arudishwe kwao.

Siku moja mwezi wa nane nilirudi kutoka Rockville nikakuta taa ya mashine ya kunasa ujumbe wa simu inawaka na kuzima. Nikabonyeza. Kwanza ilikuwa sauti ya kuhema, na nyuma yake kelele za uwanja wa ndege. Kisha sauti ya mzee, kubwa, ya mtu anayeamini waya ni mrefu.

"Haloo? Haloo. Mama wa Tanga?" Akangoja. Mashine ilikuwa imekwisha kumwambia kwa Kiingereza aache ujumbe, lakini hakuelewa. "Haloo? Ni mimi. Naenda sasa." Akangoja tena, muda mrefu, akinipa nafasi nijibu. Nikasikia bintiye akimwambia wamechelewa. "Hapa hakuna mtu," mzee alimwambia, na simu ikakatwa.

Nilisikiliza mara tatu, nikiwa bado na mkoba begani. Kisha nikaenda jikoni nikabandika wali.